Teja Mzazi na Haki ya Arubaini

Yamezuka mashairi ya namna moja katika visiwa hivi na mwambao wake, nayo yamekuwa mengi kuliko faida yake. Mshairi humchukua msichana mzuri, akampamba kwa beti mbili tatu za sifa, kisha akamtia unga mkononi, kisha akamtia mimba, na mwisho akamlaza jaani ili waliobaki wapate kuonyeka. Shairi likisomwa redioni watu hutikisa vichwa. Vina vimekaa, mizani haikupungua, mawaidha yametimia. La kusikitisha ni kwamba katika beti zote hizo hakuna hata mmoja unaomwendea mwanamke huyo kumuuliza amekula nini leo, mimba yake ina miezi mingapi, au ni nani atakayemshika mkono siku ya uchungu. Katika shairi yeye si mtu, ni kibao cha kuwaonyea wengine.

Lau kosa hilo lingekuwa la kifasihi tu, wahakiki wangelimaliza wenyewe. Lakini ubeti hukaririwa, na fikra iliyomo huhama barazani ikaingia jikoni, ikatoka jikoni ikafika mlango wa wodi. Muuguzi anayemwambia mja mzito, "Kaache kwanza, ndipo urudi," hakufundishwa neno hilo chuoni. Amelipata mtaani, na mtaa umelipata sehemu yake kwa washairi.

Zamani haikuwa hivyo. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mnamo 1858 na mama aliyekuwa mgonjwa, unamwita binti asogee karibu kabla ya kumuusia lolote. Na Siti binti Saad, yule aliyevuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kuimba katika santuri, aliacha wimbo wa Kijiti ambao wazee wa Unguja wangali wanaujua. Kisa chake ni cha mwanamke mgeni aliyetolewa matembezini, ulevi ukiwa kikapuni, akauawa ilhali ana mimba. Muuaji akavuka kwenda bara. Mashahidi, waliokuwa wenziwe marehemu katika matembezi hayo, ndio waliotiwa ndani kwa sababu ya kile kileo. Siti hakukificha kileo wala hakuficha kwamba watu walitoka nyumbani bila ya ruhusa. Ila ndani ya wimbo huo marehemu anasema kwa kinywa chake mwenyewe, na laana inamwendea Kijiti. Karibu miaka 100 imepita, na watunzi wa leo, wenye karatasi na umeme, wameshindwa kumpa teja mwenye mimba hata ule mstari mmoja wa kusema.

Basi turejee kwenye neno lenyewe: aache kwanza.

Linasikika kama busara. Nani atapinga mama kuacha sumu? Lakini neno hilo limeusahau mwili. Heroini haikai sana mwilini. Saa chache tu zikipita, mwenye kuvuta au kujidunga huanza kupiga miayo, pua humtiririka, mifupa humuuma, tumbo humkata na jasho la baridi humtoka. Hiyo ndiyo arosto, neno ambalo siku hizi hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua. Kwa mja mzito hali hiyo haiishii kwake. Kilichomo katika damu ya mama hupita katika kondo, na kila mama apandapo na kushuka, mtoto aliyemo tumboni hupanda na kushuka naye, mara kadhaa kwa siku, siku zote za mimba. Madaktari wa zamani walihofu zaidi kwamba kuachishwa kutaiharibu mimba; tafiti za karibuni zimeipunguza hofu hiyo kwa wale wanaoachishwa polepole chini ya uangalizi. Hofu ya pili imebaki palepale, nayo ndiyo kubwa. Wengi wa walioachishwa huurudia unga, na anayerudi hurudi na mwili uliokwisha sahau kipimo chake cha zamani. Kete aliyoizoea mwezi uliopita inaweza kumkata pumzi leo, na pumzi hiyo ni ya wawili.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, lilipotoa mwongozo wake wa mwaka 2014 juu ya wajawazito wanaotumia vileo na dawa za kulevya, halikusema aache kwanza. Liliagiza kwamba mja mzito aliyezama katika heroini na jamaa zake ahimizwe kutumia tiba endelevu ya methadoni au buprenofini, badala ya kujaribu kuachishwa. Methadoni hunywewa kwa mdomo, mara moja kwa siku, mbele ya mhudumu. Huingia taratibu, hukaa kutwa na usiku kucha, ikamwacha mama hana arosto wala hana ule upaaji anaoutafuta mlevi. Hakuna sindano ya kuazimana, hakuna muuzaji wa kungojwa uchochoroni, hakuna mwanamume wa kulipwa kwa mwili. Katika miezi ya mwisho mwili wa mja mzito huiyeyusha dawa hiyo upesi zaidi, hivyo dozi huenda ikahitaji kuongezwa au kugawanywa mara mbili kwa siku. Jambo hili laonekana dogo, lakini ndipo mama anapoponzwa: akisema dozi haimtoshi huambiwa uteja umemrudia, kumbe ni mimba inayosema.

Wapo wanaojibu kwamba hiyo ni kubadilisha unga kwa unga, tena unga wa serikali. Jibu hilo lina ukweli nusu, na nusu hiyo isifichwe. Anayetumia methadoni angali anaihitaji, akiikosa ataumwa, na huenda akaihitaji kwa miaka. Lakini kinachomvua mtu utu wake si kemikali iliyomo damuni, ni mbio za kuitafuta. Vincent Dole na mkewe Marie Nyswander waliliona hilo huko New York katikati ya miaka ya 1960: wagonjwa waliopewa methadoni kwa kipimo cha kutosha waliacha kuzungumzia dawa kutwa nzima, wakaanza kuzungumzia masomo na kazi. Mwanamke asiye na mbio za unga ana nafasi ya kwenda kliniki ya wajawazito, kupimwa damu na VVU, kula, kulala. Na kama ni hoja ya dini, dini yenyewe imemruhusu mja mzito na mwenye kunyonyesha kufungua saumu ya Ramadhani, nguzo miongoni mwa nguzo, wakihofia nafsi zao au watoto wao. Atakayedai kwamba tumbo hilo halistahili keno moja ya dawa kwa amri ya daktari, na aseme amelitoa wapi.

Dawa yenyewe si ngeni. Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011. Kenya ilianza Nairobi mwishoni mwa 2014, na mwaka uliofuata huduma ikafika Malindi na Mombasa. Unguja ilipata kliniki yake Kidongo Chekundu mwaka 2015. Kabla ya hapo, tangu mwaka 2009 hivi, visiwa vilikuwa vimejifungulia nyumba za soba, zilizoanzishwa na watu waliokwisha toka katika unga wenyewe, na wengi wamesalimika humo. Hilo ni jambo la kujivunia wala makala haya hayalipunguzi. Ila atakayesimama mlangoni pa kliniki hizo asubuhi atauona msururu wa wanaume, na mwanamke mmoja hapa, mwingine pale, buibui limevutwa hadi machoni. Nyumba za soba nazo nyingi zilijengwa kwa ajili ya wanaume, kwa mtindo wa kuacha moja kwa moja na kukaa ndani miezi. Mwenye tumbo la miezi saba hakufikiriwa. Mwenye kichanga mkononi ndiyo kabisa.

Si kwamba wanawake hao hawapo. Mwaka 2005 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha habari kutoka Dar es Salaam ambayo kila mtunzi wa mawaidha angepaswa kuisoma kabla ya kushika kalamu. Watafiti walikuta wanawake wanaojidunga wakifanya hivi: aliyepata heroini alijichoma, akaivuta damu yake ikajaa ndani ya bomba la sindano, kisha akampa mwenzake aliyeshikwa na arosto na asiyekuwa na fedha, naye akajidunga damu ile akiamini imebeba masalio ya unga. Ni hatari isiyo kifani, kwa VVU na kwa homa ya ini. Lakini na itazamwe vizuri ilikuwa nini. Ilikuwa huruma. Mwanamke asiye na kitu alimpa mwenzake damu yake, kwa kuwa alimwona anateseka na hakuwa na kingine cha kumpa. Jamii yenye hospitali, misikiti, vyama vya mashairi na serikali ilikuwa na vingi vya kutoa, ikatoa nasaha.

Wengine hawatoi hata nasaha, wanataka jela. Hoja yao ni kwamba anayemnywesha sumu mtoto wa tumboni ni mhalifu kama mhalifu mwingine. Waliokwisha jaribu njia hiyo wako Marekani, na matokeo yao yanajulikana. Katika mji wa Charleston, South Carolina, kuanzia mwaka 1989 hospitali moja ya umma ilipima mikojo ya wajawazito kutafuta kokeini na kupeleka majibu kwa polisi. Wanawake 30 walikamatwa, na wote walikuwa weusi isipokuwa mmoja. Mwaka 2001 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kuwapima hivyo bila ya ridhaa yao, kwa ajili ya polisi, ni kinyume cha katiba. Tennessee nayo ilitunga sheria mwaka 2014 ya kumshitaki mama ambaye mtoto wake kazaliwa akidhurika na dawa za kulevya; sheria hiyo ilikoma mwaka 2016 bila ya kuhuishwa, baada ya waganga na mawakili kulalamika kwamba wanawake wanaikimbia kliniki kwa hofu. Hakuna la ajabu hapo. Mtu akijua kwamba mkunga ni jicho la polisi, atazalia popote pasipo na mkunga.

Linabaki suala la mtoto mwenyewe, na hapa ndipo maneno ya mtaani yanapokuwa na ukatili mkubwa. Husemwa: kazaliwa teja. Hakuna mtoto anayezaliwa teja. Uteja ni mtu kuandama kitu kwa hiari iliyogeuka kifungo. Kichanga hana anachokiandama isipokuwa titi. Kinachoweza kumpata, awe mama yake alitumia heroini au methadoni, ni arosto ya siku za mwanzo: kilio kikali, kutetemeka, kupiga chafya, kuharisha, kushindwa kunyonya na kulala. Si wote wanaopatwa nayo, na wanaopatwa hutibika. Buprenofini inaonekana kuipunguza. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, watoto ambao mama zao walipewa buprenofini walikaa hospitali wastani wa siku 10, na wale wa methadoni siku 17 na nusu.

Kwa miaka mingi watoto hao walitibiwa kwa orodha ya alama iliyobuniwa na daktari Loretta Finnegan huko Philadelphia mnamo 1975. Muuguzi alihesabu chafya na mitetemeko, na alama zikizidi mtoto akapewa mofini, mara nyingi katika chumba chenye taa kali na mashine, mbali na mama. Kisha ikaja fikra nyingine. Utafiti uliofanyika katika hospitali 26 za Marekani, kwa watoto 1,305, ukachapishwa mwaka 2023, uliuliza maswali matatu tu: mtoto ananyonya? analala? akilia anabembelezeka? Dawa ya kwanza ikawa chumba kilichopoa, mwanga hafifu, sauti ndogo, mtoto kufungwa vizuri na kulazwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi. Mofini ikabaki kwa aliyeshindikana. Watoto wa njia hiyo walikuwa tayari kutoka hospitali baada ya wastani wa siku 8.2, wa njia ya zamani, siku 14.9.

Bibi yeyote wa Mji Mkongwe, wa Wete au wa Lamu akisomewa utafiti huo ataguna. Chumba kilichopoa, mwanga hafifu, mama na mtoto hawatengani, hawasumbuliwi na wageni wala kelele: hayo si ndiyo arubaini? Ndiyo ada ambayo watu wa pwani wamewafanyia wazazi wao tangu enzi. Mzazi hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa tumbo, hunyweshwa uji wa pilipili manga na supu ya pweza ili maziwa yateremke. Yupo wa kumlaza mtoto yeye akijinyoosha. Hapiki, hafui, hafagii. Watu wa mbali wametumia mamilioni ya fedha na miaka kadhaa kuthibitisha sehemu ya yale ambayo makungwi waliyajua, na pwani, yenye ada hiyo mkononi, inamnyima yule mmoja ambaye inamfaa kuliko wote.

Maana teja mzazi hana arubaini. Akijifungua, aghalabu mama yake mzazi au shangazi humchukua mtoto. Humchukua kwa mapenzi, na mara nyingine ni lazima, kwa kuwa mama amerudi kujidunga na mtoto hana salama. Lakini mara nyingi huchukuliwa kabla ya kuulizwa lolote, hata kwa mama aliyekunywa methadoni yake miezi mitano bila ya kukosa. Huambiwa maziwa yake ni sumu, ilhali methadoni inayofika katika maziwa ni kidogo mno, na mwongozo uleule wa 2014 unataka mama wa namna hiyo ahimizwe kunyonyesha, isipokuwa pale hatari inapouzidi wazi uzito wa manufaa. Maziwa yanamvuja, titi linauma, mtoto yuko nyumba nyingine. Baada ya juma moja yuko maskani. Kisha watu husema: mnaona, hakumpenda hata mwanawe.

Massachusetts walizihesabu siku hizo. Utafiti uliotoka mwaka 2018 uliwafuatilia wanawake wenye uteja wa aina hii tangu mwaka mmoja kabla ya kujifungua hadi mwaka mmoja baadaye, ukakuta kwamba ajali za kuzidisha dawa hupungua kabisa katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, na hupanda juu kuliko wakati wowote kati ya mwezi wa 7 na wa 12 baada ya uzazi. Kwa maneno mengine, mimba humlinda mama kwa kiasi, kisha ulinzi huondoka wakati uleule ambapo watu nao wamekwisha ondoka. Hali ya mji wa Boston si hali ya Ng'ambo, lakini mwenye macho atajua kwamba nyumba inayomtoa mama mlangoni na kumbakisha mtoto haimpunguzii mtu huyo hatari.

Hapa pana fundo ambalo wapenda ada na wapenda kliniki wote wamelikwepa. Arubaini inamtaka mzazi akae ndani. Methadoni inamtaka atoke kila siku. Akikaa ndani kama inavyompasa mwanamke wa watu, dozi zinakatika, na akikosa siku kadhaa mfululizo hawezi kurudishiwa kipimo chake cha juu. Huanzishwa upya chini, na arosto imwage. Akitoka, siku ya nne baada ya uzazi, kapanda daladala na mshono wake, jirani humwona na kusema: huyo si mzazi, huyo kafuata dawa. Atakavyofanya ni kosa. Mtu anayetaka kujua kwa nini wanawake ni wachache katika msururu ule asihangaike kutafuta sababu za ndani sana, aanzie hapo.

Wala fundo hilo halihitaji miujiza kufunguliwa. Wakati wa UVIKO-19, mwaka 2020, Marekani, ambayo kwa miongo kadhaa ililinda methadoni kama inavyolindwa dhahabu, iliruhusu mgonjwa aliyetulia apewe dozi za nyumbani za hadi siku 28, na mwaka 2024 ruhusa hiyo ikaingizwa katika kanuni za kudumu. Kama maradhi ya mlipuko yanatosha kuwa udhuru, uzazi unatosha zaidi. Dozi za mzazi zinaweza kuchukuliwa na mtu wa nyumbani anayeaminika, au kupelekwa na muuguzi siku hizo 40, zikawekwa katika kisanduku chenye kufuli, juu, mbali na watoto, maana dozi ya mtu mzima humuua mtoto. Mkunga wa kliniki ya wajawazito na mhudumu wa methadoni wakae jengo moja, au walau siku moja ya juma iwe ya wanawake peke yao, mja mzito asilazimike kusimama mbele ya wanaume wanaolijua jina lake la maskani. Nyumba ya soba inayopokea fedha ya umma iwe na chumba cha mama na mtoto, na isimfukuze kwa kuwa anatumia methadoni. Na daftari la mkunga lisisomwe na askari.

Kwa upande wao washairi hawaombwi waache kutunga juu ya unga. Waendelee, bahari iliyoleta tungo ndiyo hiyohiyo iliyoshusha heroini kwa majahazi, na itakuwa ajabu fasihi ya pwani ikinyamaza. Wanachoombwa ni kwenda. Yupo mwanamke Mwembemakumbi au Kisauni leo, mimba yake ya miezi sita, dozi yake ya asubuhi imekwisha ingia, amekaa kizingitini anachambua mchele wa mkwewe. Ana maneno yake kuhusu jambo hili, na aghalabu ana kiu ya mtu wa kumsikiliza. Atakayeketi naye atakuta kwamba anajua mashairi. Pengine analijua hata lile linalomtukana, na anaweza kueleza ubeti upi umekosea.